Tusiwahukumu Waendao kwa Magurudumu



Mtakatifu Yohane, katika sura ya 5 ya Injili yake, atusimulia habari ya mtu aliyelala kando ya birika la Betzata, mjini Yerusalemu, akiwa mgonjwa kwa muda wa miaka 38. Hakuwa na mtu wa kumtia majini. Bwana wetu Yezu Kristu alipomwona alimwuliza kwanza kama anataka kupona, kisha akamwamuru ainuke, ajitwike kilalio chake, aende zake. Yule mtu akainuka. Habari hiyo twaijua sote, na watoto wetu wameisikia katika mafundisho ya dini. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuangalia jambo linalofuata mara moja baada ya muujiza ule. Watu walimkuta akitembea na kilalio chake, na neno la kwanza walilomwambia halikuwa neno la furaha. Hawakumpa hongera, wala hawakumshukuru Mungu. Walimwambia ya kwamba ni siku ya Sabato, na si halali kwake kubeba mzigo ule. Miaka 38 alikuwa mgonjwa, na hatusomi ya kwamba watu hao walimsogelea kumsaidia. Siku moja alisimama, nao wakamjia kumtia hatiani.

Macho yale hayajafumbwa hata leo. Yako barabarani kwetu, yako sokoni, yako katika kituo cha mabasi, na kwa huzuni twasema ya kwamba yako hata mlangoni pa kanisa. Mtu afika Misani kwa baiskeli ya miguu mitatu, ile inayozungushwa kwa mikono, au kwa kiti cha magurudumu, au kwa bajaji aliyoitengeneza ili aiendeshe bila kutumia miguu. Watu wamwangalia. Kisha mtu huyo aegemea mlango, asimama, apiga hatua mbili tatu, akaketi kwenye benchi. Hapo minong'ono huanza. “Kumbe anaweza kutembea!” asema mmoja. “Anajifanya,” ajibu mwenziwe. “Kazi imemshinda, sasa anatafuta huruma.” Na hukumu imekwisha kukatwa, bila shahidi, bila kuulizwa mshtakiwa, na ndani ya nyumba ya Mungu.

Basi juma hili twataka kuzungumza nanyi, akina baba na akina mama wa familia zetu, juu ya jambo hilo moja: ya kwamba kumdhania uongo mtu aendaye kwa magurudumu ni dhambi dhidi ya ukweli na dhidi ya mapendo, na ya kwamba dhambi hiyo, ijapokuwa hutendwa kwa jicho na kwa mnong'ono tu, ina nguvu ya kumfungia mtu ndani ya nyumba yake kwa miaka mingi.

Tuanze na yale ambayo jicho haliwezi kuyaona. Wengi wetu hudhani ya kwamba wanadamu wamegawanyika katika mafungu mawili: wale wanaotembea, na wale wasioweza kabisa kutembea. Kati ya mafungu hayo, twadhani, hakuna kitu. Lakini mganga yeyote wa hospitali atatuambia ya kwamba sivyo. Yuko mtu aliyepata ugonjwa wa polio utotoni, na ingawa Bara la Afrika lilitangazwa tarehe 25 Agosti 2020 kuwa limeepukana na virusi vya asili vya polio, wale walioupata ugonjwa huo zamani wangali nasi. Wengi wao huweza kusimama kwa gongo, lakini safari ya kwenda sokoni huwamaliza nguvu. Yuko mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao waweza kuharibu mfupa wa nyonga hata kila hatua ikawa maumivu, na ukimtazama uso huoni jeraha lolote. Yuko mwenye ugonjwa wa moyo, ambaye miguu yake ni mizima kabisa ila pumzi humwishia kabla ya kufika kisimani. Yuko aliyepatwa na kiharusi, aliyezaliwa na mgongo wazi, aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari, na bibi yetu mzee ambaye magoti yake yamechoka kwa miaka 60 ya jembe na kuni. Kati ya hao wapo wanaoweza kusimama leo na wasiweze kesho. Wapo wanaoweza kutembea chumbani na wasiweze kuvuka uwanja.

Tufikirie mama mmoja wa namna hiyo, ambaye Mungu amempa hatua kama 100 kwa siku, basi. Sisi wenye miguu mizima hatuhesabu hatua zetu, kama vile tajiri asivyohesabu senti zake. Yeye huzihesabu. Akizitumia zote njiani, hatakuwa na hata moja atakapofika. Kwa hiyo huja kwa baiskeli yake mpaka mlangoni, ili hatua zake zile chache azitumie kwenda kumpokea Bwana katika Ekaristi Takatifu. Mnakumbuka mjane maskini, ambaye Bwana wetu alimsifu kwa sababu alitia hazinani vyote alivyokuwa navyo? Mama huyu naye ametoa hatua zake zote. Na sisi tulioketi nyuma yake, badala ya kuinamisha vichwa, twanong'ona ya kwamba ni mwongo kwa sababu tumemwona akitembea!

Wazee wetu walituachia mithali mbili zinazofaa hapa. Ya kwanza yasema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ya pili: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kanda la usufi ni jepesi machoni pa yule asiyelibeba. Lakini mabega yanayolibeba ndiyo yajuayo uzito wake. Kama mithali zinajua hivyo, je, Mkristu asijue zaidi?

Mama Kanisa ametufundisha jambo hili kwa maneno wazi. Katekismu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza Amri ya Nane katika namba 2477, yahesabu kati ya makosa dhidi ya heshima ya jirani hukumu ya harakaharaka, yaani kukubali moyoni, bila msingi wa kutosha, ya kwamba jirani yangu ana kosa. Angalieni ya kwamba kosa hilo lahesabiwa hata kama hukutamka neno. Ukinong'ona, unazidisha, ukimwambia mwenzio naye akamwambia wa tatu, umemvika jirani yako jina baya ambalo huwezi kumvua tena. Na namba inayofuata yatufundisha dawa yake: kila mmoja ajitahidi kuyafasiri mawazo, maneno na matendo ya jirani kwa upande wa wema, kadiri iwezekanavyo. Basi ukimwona mtu akiinuka kitini, fasiri kwa upande wa wema. Sema moyoni: Mungu ashukuriwe, leo ana nguvu kidogo.

Twasikia tayari jibu la wasomaji wengine. Watasema: “Lakini wadanganyifu wapo. Tumewaona watu wazima wa afya wakijifanya viwete mchana, na jioni wakaenda zao kwa miguu.” Ni kweli, wapo, kwa maana hakuna msiba duniani ambao mwovu hajaufanya kuwa biashara. Lakini Bwana wetu alikwisha kutujibu katika mfano wa ngano na magugu. Watumishi walitaka kuyang'oa magugu upesi, naye mwenye shamba akawakataza, wasije wakang'oa na ngano pamoja nayo. Na tupime hasara zenyewe. Mdanganyifu akikudanganya, umepoteza shilingi mia tano, na thawabu yako kwa Mungu haikupotea. Lakini ukimwita mdanganyifu mtu aliye mkweli, umemnyang'anya kitu ambacho huwezi kumlipa: ujasiri wa kutoka nje. Kesho atakuwa na safari ya kwenda kliniki, au sokoni, au kanisani, naye atakumbuka macho yako, akabaki ndani. Kazi ya kuwatafuta wadanganyifu ina wenyewe waliopewa mamlaka. Sisi hatukutumwa.

Wala tusidhani ya kwamba tabia hii ni yetu peke yetu, au kwamba utajiri huiponya. Katika nchi za Ulaya na Marekani viko vigari vidogo vya umeme, vyenye kiti kimoja na usukani wa kushika kwa mikono, ambavyo wazee na wagonjwa huviendesha kwenda dukani na kwa daktari. Yasemekana sana ya kwamba cha kwanza cha namna hiyo kilitengenezwa mwaka 1968 katika jimbo la Michigan, Marekani, na bwana Allan Thieme, ambaye alikuwa na ndugu wa familia yake aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ni mapendo ya nyumbani, basi, yaliyozaa chombo kile. Lakini huko nako, mwenye kukipanda husikia maneno: ya kwamba ni mvivu, ya kwamba ni mnene kwa ulafi wake, ya kwamba anawazuia wenziwe njia. Nchini Uingereza sheria yamruhusu kwenda kwa mwendo wa kilometa 6 hivi kwa saa katika njia ya waendao kwa miguu, yaani mwendo wa mtu anayetembea haraka. Hata hivyo wapo wanaomtazama kana kwamba amewaletea gari la moshi. Nchi hiyo hiyo, baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali iliwapa watu wengi wenye ulemavu vigari vya magurudumu matatu vyenye kiti kimoja tu. Vilikuwa na rangi ya buluu, vikatambulikana kwa mbali, na kila aliyekiona alijua aliyemo ni mtu wa namna gani. Vilitolewa barabarani mwaka 2003. Chombo kilimpa mtu safari, na papo hapo macho ya watu yakamtia alama.

Tukirudi nyuma zaidi twaona jambo la kutufundisha. Mwaka 1655, karibu na mji wa Nürnberg katika nchi ya Ujerumani, fundi wa saa aitwaye Stephan Farffler, ambaye miguu yake haikumfaa, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu cha kuzungusha kwa mikono. Hakungoja mwenye afya amtengenezee. Akili yake na mikono yake vilikuwa vizima, naye akavitumia. Kila baiskeli ya miguu mitatu tunayoiona katika miji yetu ni mjukuu wa kigari kile. Basi tunapoitazama tusiseme, “Huyu ameshindwa.” Tuseme, “Huyu hakukubali kushindwa.” Hatumwiti mvivu mwenye kuvaa miwani kwa kuwa macho yake hayajitahidi. Kwa nini tumwite mvivu mwenye kutumia gurudumu?

Na kama mtu aona ya kwamba kiti cha magurudumu hupunguza heshima ya aliyekikalia, na amkumbuke Baba Mtakatifu Fransisko. Tarehe 5 Mei 2022 alionekana hadharani katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya maumivu ya goti. Tangu siku ile, siku moja dunia ilimwona akitembea kwa mkongojo, siku nyingine akisukumwa kitini, siku nyingine akiinuka kitini kwa taabu ili asimame mbele ya watu. Safari yake ya Kongo iliahirishwa kwa ajili ya goti hilo; lakini alifika, na tarehe 1 Februari 2023 aliadhimisha Misa katika uwanja wa ndege wa Ndolo, mjini Kinshasa, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Siku ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, alitolewa kitini kwenye roshani ya Basilika la Mtakatifu Petro, akawabariki watu. Kesho yake akafariki dunia. Basi twauliza: Alipoinuka kitini, nani kati yetu alisema, “Kumbe anaweza kutembea, anajifanya”? Hakuna. Tuliona mzee mwenye maumivu, tukaheshimu jitihada yake. Na mzee wa kijijini kwetu, ambaye goti lake lauma vile vile, amekosa nini hata asipewe heshima hiyo hiyo?

Mjini humo humo Kinshasa, tena, yako mafundisho mengine. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu walipewa punguzo la nauli katika vyombo vya kuvuka mto Kongo kwenda Brazzaville. Wao wakaligeuza punguzo hilo kuwa kazi. Wakaundiwa baiskeli kubwa za chuma zenye miguu mitatu, wakapakia bidhaa juu yake, wakawa wafanya biashara, wakalisha familia zao, na watu wenye miguu mizima wakaajiriwa nao kusukuma mizigo. Mtu aliyedhaniwa kuwa mzigo akawa mwajiri! Na kikundi cha wanamuziki wa mji huo waendao kwa baiskeli za namna hiyo, Staff Benda Bilili, kilitoa sahani yake mwaka 2009, kikasikika hadi Ulaya. Hatusemi ya kwamba kila mlemavu lazima awe hodari wa biashara au wa muziki ndipo aheshimiwe. Heshima ya mtu ni ya Mungu aliyemwumba kwa mfano wake, wala haingoji mafanikio. Twasema tu ya kwamba mahali njia ilipofunguliwa kidogo, watu walipita.

Na sisi Wakatoliki tuna ushahidi wa zamani kuliko huo. Kila tumalizapo Rozari jioni, nyumba nyingi husali Salamu Malkia. Wataalamu hawajapatana juu ya mtungaji wa sala hiyo, lakini mapokeo ya miaka mingi yamtaja mmonaki wa Ujerumani, Mwenye Heri Hermano wa Reichenau, aliyezaliwa mwaka 1013 na kufariki mwaka 1054. Huyu tangu utotoni hakuweza kutembea. Alibebwa na wenziwe katika kiti, hata kusema kwake kulikuwa kwa shida. Akiwa kitini aliandika juu ya nyota, juu ya hesabu, juu ya muziki na juu ya historia, na alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa karne yake. Fikirini, wapenzi, kama wamonaki wenziwe wangalinong'ona ya kwamba kijana huyu ni hasara kwa monasteri, Kanisa lingalikosa nini!

Liko pia kosa la upande wa pili, ambalo hujificha chini ya vazi la wema. Ni ile huruma inayomdhalilisha mtu. Mwenye kiti amesimama kando ya barabara akimngoja rafiki yake, nasi twamtupia sarafu mapajani bila kuombwa. Twamshika mgongoni pa kiti na kumsukuma bila kumwuliza aendako. Tukitaka kujua kama atakunywa chai, twamwuliza yule anayemsukuma, kana kwamba aliyekaa hana kinywa. Twamwita “maskini huyu” hali ana nyumba na kazi na watoto. Bwana wetu hakufanya hivyo. Kule Betzata alimwuliza mgonjwa kama anataka. Kule Yeriko alimwuliza kipofu Bartimayo anataka atendewe nini, ingawa kila mtu aliweza kuona ya kwamba ni kipofu. Mwana wa Mungu, ajuaye yote, aliuliza kwanza. Sisi tusiojua lolote twatenda bila kuuliza! Kiti cha mtu ni kama mwili wake. Usikiguse bila ruhusa. Sema naye mwenyewe, na ikiwezekana uketi, ili macho yenu yawe sawa.

Na liko kosa la tatu, lililo chungu kuliko yote, kwa sababu hutendwa na damu yake mwenyewe. Ni kumficha mtoto. Bado tunazo nyumba ambamo mtoto asiyeweza kutembea hafichuliwi mbele ya wageni, kwa kuwa wazazi waogopa kusikia ya kwamba ni laana, au mkosi, au malipo ya dhambi ya ukoo. Wanafunzi wa Yezu nao waliuliza swali hilo juu ya kipofu wa tangu kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana akalikata swali hilo mara moja: si yeye wala wazazi wake. Mkristu akiisha kusikia jibu hilo, hana ruhusa ya kuuliza tena. Na katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9, twasoma habari ya Mefiboshethi, aliyekuwa kiwete wa miguu yote miwili. Mfalme Daudi hakumtumia sadaka nyumbani kwake. Alimwita akae mezani pake daima, kama mmoja wa wana wa mfalme. Mezani, ndugu wapenzi, si uani. Baba na mama, mtoto wenu analia chakula wapi wageni wanapokuja?

Basi yatupasa kufanya nini? Tusiishie katika maneno mazuri. Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba watu milioni 80 hivi duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, na taarifa ya mwaka 2022, iliyotolewa na shirika hilo pamoja na UNICEF, ilieleza ya kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu katika kila 100 wanaopata vifaa vya msaada wanavyovihitaji. Kwa hiyo aliyekwisha kupata kiti au baiskeli ni mtu aliyevuka mlima mrefu. Asikute mlima wa pili mlangoni petu.

Kwanza, tuyatazame makanisa yetu. Nchini kwetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yataka majengo ya umma yaweze kufikiwa nao. Lakini Mkristu asingoje sheria imfundishe mapendo. Vidato 3 vya ngazi, vyenye kimo cha sentimita 15 kila kimoja, ni jambo dogo kwako, na kwa mwenye kiti ni ukuta. Mafundi huhesabu ya kwamba kila sentimita 1 ya kimo yataka walau sentimita 12 za mteremko. Basi vidato hivyo 3 vyataka mteremko wa mita 5 na sentimita 40. Ni mifuko michache ya saruji, mchanga, na kazi ya mikono ya jumuiya kwa siku chache. Watu wanne wa Kapernaumu, kama asimuliavyo Mtakatifu Marko, walitoboa dari ili rafiki yao afike mbele ya Yezu. Sisi hatuombwi kutoboa dari. Twaombwa kumwaga zege. Na tuulize katika kila parokia: Yuko kijana aliyebatizwa ambaye hajapokea Komunyo ya Kwanza kwa sababu mahali pa mafundisho hapafikiki? Yuko mzee ambaye hajaungama kwa miezi mingi kwa ajili ya vidato 3?

Pili, neno kwa wenye vyombo. Wewe dereva wa daladala, mtu mwenye kiti ni abiria. Nauli yake ni nauli. Wewe mwenye pikipiki, usiiegeshe katikati ya njia ya waendao kwa miguu, maana wewe umekwenda kunywa chai dakika tano, na mwenzio amelazimika kushuka barabarani kati ya malori. Kitabu cha Walawi chakataza kumwekea kipofu kikwazo njiani. Kikwazo hakina haja ya kuwekwa kwa ubaya. Kikiwekwa kwa uzembe chaangusha vile vile.

Tatu, kwa ninyi mwendao kwa magurudumu, nanyi ni wana wa Kanisa, wala hatutawadharau kwa kuwaachilia wajibu. Endesheni kwa uangalifu penye watoto na wazee. Msikubali chombo chenu kitumiwe na mtu kufanyia udanganyifu. Na macho ya watu yakiwaumiza, msijifungie. Njoni. Nafasi yenu katika Mwili wa Kristu haiwezi kukaliwa na mtu mwingine. Msipokuja, itabaki wazi.

Nne, na hili ndilo kubwa, wazazi tuwafundishe watoto. Mtoto mdogo akimwona mtu mwenye kiti huuliza kwa sauti kubwa, nasi kwa aibu twamziba kinywa na kumvuta. Hapo tumemfundisha ya kwamba ameona kitu cha kutisha. Afadhali kumjibu kwa utulivu: “Mjomba huyu hutumia kiti hicho kutembea. Mwamkie.” Naye mtoto ataamkia “Shikamoo”, na mjomba ataitika “Marahaba”, na hapo somo limekwisha. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatanong'ona mlangoni pa kanisa akiwa mtu mzima.

Wahenga walisema: Hujafa hujaumbika. Maana yake, maadamu wewe ni hai, hujui umbo lako la mwisho. Ajali ya barabara, kuugua kwa usiku mmoja, au uzee wenyewe, ambao ni baraka tunayoiomba, vyaweza kumketisha kitini yeyote kati yetu. Lakini tusiwaheshimu wenzetu kwa woga wa kesho yetu tu. Tuwaheshimu kwa sababu ya Yule ambaye, kabla ya kufufuka, alipigiliwa miguu asiweze kupiga hata hatua moja, na watu waliopita wakatikisa vichwa, wakimwambia ashuke kama kweli aweza. Hata yeye alidhihakiwa kwa kutotembea.

Bwana wetu Yezu Kristu, kwa maombezi ya Mama yake, Afya ya Wagonjwa, atujalie macho yasiyotafuta makosa na mikono iliyo tayari kufungua njia. Amina.